Wapagazi wa mzinga wa Königsberg: shajara ya diorama ya 1:35, Iringa

8 Juni 2024: Picha

Picha ninayoigeuza diorama, yaani mandhari ndogo ya sanamu, ni ya Vita Kuu ya Kwanza, enzi nchi hii ikiitwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mzinga wa meli umefungwa juu ya magurudumu makubwa, na mbele yake watu wamejipanga kwenye kamba mbili, wanauvuta. Kamba zinatoka nje ya ukingo wa picha kabla hazijafika mwisho, kwa hiyo wavutaji walikuwa wengi kuliko tunaowaona. Nimehesabu ishirini na wawili, pamoja na askari wawili wanaotembea pembeni.

Nimetoa nakala mbili za A3 steshenari, shilingi 4,000 zote. Moja ya kuchorachora, nyingine ibaki safi. Anayetaka kufuata kazi hii asibane matumizi hapa, maana nakala ndogo inaficha mambo ambayo utayahitaji sana baadaye.

Mzinga wenyewe una historia yake. Königsberg ilikuwa manowari ya Kijerumani. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza wakaleta Severn na Mersey, meli zinazoweza kupita kwenye maji mafupi, na tarehe 11 Julai 1915 nahodha Max Looff akaamuru manowari yake iharibiwe isije ikatekwa. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa, ikafungiwa magurudumu kwenye karakana za Dar es Salaam, ikawa mizinga ya nchi kavu ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku. Mmoja upo mpaka leo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria.

Barabara za kupitisha mzigo kama huo hazikuwepo, na ng'ombe waliisha kwa ndorobo ya mbung'o. Vilivyobaki ni mabega ya watu. Ndiyo maana nimepanga muda wangu mwingi uende kwa wale ishirini na wawili. Mzinga utapata muda unaobaki.

Kipimo ni 1:35. Mtutu wa mzinga huu ulikuwa na urefu wa mita 4.2, kwa hiyo kwangu ni milimita 120. Mtu wa sentimita 165 anakuwa milimita 47.

15 Juni: Kupima kutoka kwenye karatasi

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Urefu wa mtutu tunaujua, lakini kwenye picha mzinga umekaa mshazari, mtutu unaonekana mfupi kuliko ulivyo, kwa hiyo huwezi kuutumia kama rula. Gurudumu ni afadhali, kwa sababu urefu wake wa kutoka chini kwenda juu haubadilishwi na mshazari. Shida ni kwamba gurudumu lenyewe hatujui lilikuwa na kimo gani. Lazima ulipime kwa mtu aliye karibu nalo.

Hesabu ya kwanza niliifanya kwa askari anayeonekana mzima, kuanzia buti mpaka kofia. Gurudumu likatoka milimita 44, yaani kama mita moja na nusu kwa uhalisia. Nilikata karatasi ya ukubwa huo, nikaisimamisha pembeni ya sanamu ya waya, ikammeza. Kumbe yule askari yuko nyuma ya mzinga kwa hatua kadhaa. Aliye mbali huonekana mdogo, na ukipima kwa mdogo kila kitu kinakua.

Tiba yake: tafuta mtu anayegusa kile unachokipima. Yupo mpagazi mmoja aliyeweka kiganja kwenye ukingo wa gurudumu, analisukuma. Huyo yuko umbali uleule na gurudumu. Kwake linafika kifuani. Hesabu ikashuka hadi milimita 35, kama sentimita 122, na sanamu ya waya ikakaa sawa nalo.

Jambo la pili ni usawa wa kamera. Kama ardhi ni tambarare na kamera iko usawa wa macho ya watu, vichwa vya wote waliosimama, wa karibu na wa mbali, vitaangukia mstari mmoja. Nilipiga mstari kwa penseli kwenye nakala ya kuchorea. Upande wa mzinga vichwa vilikaa juu yake vizuri. Kuelekea mbele ya kamba vikaanza kuzama, kila mtu chini kidogo ya mwenzake, na kuinama peke yake hakutoshi kueleza hilo. Njia inashuka. Kwa hiyo wale wa mbele kabisa wanavuta huku wakijizuia wasiporomoke, na wengine bado wako juu kwenye tambarare. Hilo limebadilisha mpango wote wa ardhi, na limenipa sababu ya mikao ambayo awali nilidhani ni watu kuchoka tu.

29 Juni: Mzinga

Mtutu nimeutoa kwenye antena ya redio mbovu, ile ya kuvuta. Vipande vyake vinapungua unene hatua kwa hatua kama mtutu wa meli, na tundu la mdomo nimelitanua kwa msumari mpaka milimita tatu, ambazo kwa 1:35 ndizo sentimita 10.5.

Mkia na fremu nimezikata kwenye zile kadi za plastiki zinazobaki ukishachomoa laini ya simu. Wakala wa laini wa mtaani ananiwekea, bure. Zina unene wa robo tatu ya milimita, zinakatika vizuri kwa wembe na rula ya chuma, na supa gluu inazishika mara moja. Kwa kazi ya namna hii sijaona plastiki bora ya bei hiyo.

Gurudumu: bomba la maji la inchi moja, ambalo kwa nje ni milimita 32, nimekata pete, kisha nikazungushia matabaka mawili ya kadi ya laini iliyolainishwa kwenye maji ya moto. Likafika 35. Spoki ni vijiti vya meno. Kwenye picha nusu ya spoki zimefunikwa na miguu ya watu, kwa hiyo nimepima nafasi kati ya zile zinazoonekana, nikagawa mduara.

13 Julai: Watu, jaribio la kalibu

Nilipanga kuchonga watu watatu vizuri, nitengeneze kalibu, nimimine nakala. Kalibu yenyewe ni rahisi. Nunua silikoni ya kuzibia madirisha ya alumini (shilingi 7,000 tyubu, nilichukua mbili), ichanganye na wanga wa mahindi kwa mikono iliyolowa maji ya sabuni, ikande kama unga wa chapati, kisha ikandamize juu ya sanamu. Inatoa harufu kali ya siki, fungua madirisha. Haimalizi saa moja inakuwa mpira.

Kalibu ilitoka safi, hata mikunjo ya shuka ilionekana. Kilichoshindwa ni jipsamu. Kifundo cha mguu kwa kipimo hiki hakifiki milimita mbili, na jipsamu ya unene huo haivumilii kutolewa kwenye mpira. Kila mtu alitoka bila miguu. Nikalaza waya ndani ya kalibu kabla ya kumimina, miguu ikapona, mapovu yakahamia usoni.

Ningeweza kuendelea kupambana na mapovu. Kilichonisimamisha ni picha. Nilizipanga nakala chache kwenye kamba, nikaweka picha pembeni. Kwenye picha hakuna wawili wanaofanana. Mmoja ameegemea bega la kushoto, wa nyuma yake amegeuka anaitazama kamba, mwingine amefunga kitambaa kichwani. Changu kilikuwa kiwanda, mtu mmoja karudiwa. Wapagazi hawa majina yao hayakuandikwa popote karibu na picha. Kuwapa wote uso mmoja ni kuwafuta tena.

Nimeacha kalibu kwa watu. Kila mmoja atatengenezwa peke yake: mifupa ya waya wa shaba, nyama ya epoksi ile ya vipande viwili wanayozibia matangi. Tyubu moja ya silikoni imepotea. Ya pili imefaa kwa gurudumu: nilitoa kalibu ya lile la kwanza, nikaikandamizia epoksi, na la pili likatoka pacha wake.

Tahadhari kwa walioko Iringa, Makete, Njombe na kwingine kwenye baridi: mwezi wa saba epoksi inagoma kukauka. Niliacha sanamu mezani usiku, asubuhi zilikuwa bado laini na mbili zimelala. Chukua katoni, tundika ndani yake balbu ya zamani ya wati 60, ile inayotoa joto, funga. Saa tatu zinatosha.

27 Julai: "Hawa wanatembea"

Nilikuwa nimekamilisha nane, nimezipanga barazani juu ya ubao zipigwe jua. Akapita babu mmoja wa mtaani ambaye ujana wake aliumalizia kwenye misitu ya Mufindi, kazi ya magogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hawa watu wako wanakwenda wapi?"

"Wanavuta mzinga, babu. Wa vita ya Mjerumani."

Akaziangalia sana. "Mjukuu wangu, hawa wanatembea. Hawavuti."

Aliomba kamba. Nikafunga ya katani kwenye nguzo ya baraza, akaishika. Mwili ulitangulia kabla ya mguu. Alijiangusha mbele mpaka kamba ikamzuia, ndipo mguu wa nyuma ukasukuma, kisigino juu, vidole vimechimba ardhi. Mguu wa mbele haukuwa na uzito wowote, ulikuwa unatafuta mahali tu. Kichwa kiliinama chini kabisa. "Ukiinua kichwa umepoteza nguvu ya mgongo," alisema. "Na bega huliweki wazi. Kamba itakuchuna. Unakunja nguo."

Nilichukua glasi ya kukuzia nikarudi kwenye picha safi. Mtu wa tatu kwenye kamba ya kulia: kati ya kamba na bega kuna uvimbe mdogo mweupe ambao siku zote nilidhani ni doa la karatasi. Ni nguo iliyokunjwa. Kisha nikaziona nyingine, kwa wanne zaidi.

Nimepima upya pembe ya kila mwili, kutoka kifundo cha mguu wa nyuma mpaka sikioni, kwa kipimapembe cha shule juu ya nakala. Wanaovuta kwa nguvu zote wamelala mbele sana, wengine zaidi ya nyuzi thelathini kutoka wima. Wangu walikuwa karibu wima. Zote nane nimezikata kiunoni na kwenye nyonga, nikapinda waya, nikajaza epoksi mpya. Mbili zilivunjika kabisa, nikazianza upya. Epoksi iliyoongezeka ni pakiti mbili, shilingi 10,000. Hakuna fedha niliyoitumia vizuri zaidi kwenye mradi huu.

17 Agosti: Kamba

Nilianza na nyuzi za katani halisi, nikaamini zitafanana zaidi. Zina manyoya, kwa kipimo hiki kila unywele ni mnene kama fimbo. Uzi wa kushonea viatu uliopakwa nta ulipendeza macho, ila unalegea katikati ya mtu na mtu, na kamba iliyolegea inawafanya wote waonekane wanaigiza.

Kilichofaa: nyaya mbili nyembamba za shaba zimesokotwa kwa drili, kisha zikavutwa kwa koleo mpaka zinyooke kabisa. Unene wake ni kama milimita moja, sawa na kamba ya sentimita tatu na nusu. Waya unabaki umenyooka, na unasaidia kuwashikilia watu waliolala mbele, ambao kwa vidole vyao pekee wasingesimama. Tangulia kuufunga waya kwenye mzinga, ndipo uwagundishe watu mmoja mmoja kuelekea mbele. Ukianza na watu, kamba itapinda kumfuata kila mmoja.

31 Agosti: Ardhi

Msingi ni kipande cha pliwudi, na juu yake lile povu jeupe gumu la kwenye katoni za friji, nimelichonga kwa msumeno wa chuma kufuata mteremko nilioupata kwenye mstari wa penseli.

Kopo la bodifila la mafundi wa magari, shilingi 10,000, nililinunua nikitaka uso mgumu wa njia. Limekula povu. Ndani ya dakika chache njia ilikuwa shimo, kwa sababu stairini iliyomo kwenye bodifila inayeyusha povu la aina hiyo. Thina na rangi za kupuliza nazo hufanya vivyo hivyo. Nimekata sehemu iliyoharibika, nikabandika kipande kipya, kisha nikafunika povu lote kwa matabaka ya gazeti na gundi nyeupe ya mbao, na juu ya gazeti nikapaka jipsamu laini. Imeshika.

Udongo ni mwekundu wa hapahapa, nimeukaanga kwenye kikaango kuua mayai ya wadudu na kuuchuja kwa chujio la chai. Majani ni nyuzi za katani zilizokataliwa na kamba, nimezichovya kwenye chai ya rangi na kuzipanda kwa kibano.

21 Septemba: Rangi, na udongo unaondoka

Kabla ya kupaka watu nilitaka kuelewa weusi na weupe wa picha unasema nini. Bamba za kioo na filamu nyingi za kamera za miaka ile hazikuiona rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka karibu nyeusi, na buluu ilitoka nyeupe. Kwa hiyo nguo iliyo nyeusi kwenye picha inaweza kuwa nyekundu kabisa, na iliyofifia inaweza kuwa ya buluu.

Jaribio lake linafanyika kwa simu. Piga diorama yako picha ya rangi, ifungue kwenye programu ya kuhariri inayoruhusu kutenganisha nyekundu, kijani na buluu, bakiza buluu peke yake. Utapata kitu kilicho karibu na jicho la kamera ya wakati ule. Nilipofanya hivyo, njia yangu ya udongo wa Iringa ikawa nyeusi kama lami. Njia ya kwenye picha ni nyeupe kuliko nguo za baadhi ya watu. Wale walikuwa wanapita kwenye mchanga.

Iliniuma kuubandua, maana nilitaka ardhi ya nyumbani iwemo. Lakini mzinga ule haukupigwa picha nyumbani kwangu. Nimelowesha, nikakwangua, nikaweka mchanga wa mto Ruaha Mdogo uliochekechwa. Kwenye jaribio la buluu sasa unalingana na picha.

Jaribio hilohilo limenifunza kuhusu ngozi. Kamera isiyoona nyekundu inaifanya ngozi ya kahawia ionekane nyeusi tii, na sura zinapotea ndani yake. Anayepaka rangi kwa kuiga picha atawapaka watu wote weusi mmoja, wasio na nyuso. Nimechanganya kahawia iliyoungua na nyekundu kidogo na manjano ya udongo, na kila mtu nimemchanganyia upya, wengine maji ya kunde, wengine weusi zaidi, kama watu wa msafara wowote uliokusanywa kutoka sehemu nyingi. Mashavu, pua na mabega yanayopigwa na jua nimeyapandisha kwa rangi hiyohiyo yenye manjano zaidi, bila nyeupe. Nyeupe inaifanya ngozi iwe ya jivu.

Nguo ni kaniki na merikani iliyochakaa, vitambaa vya kawaida vya wakati ule. Askari wawili wana kaki, na bunduki zao ni Mauser za mwaka 1871 zile fupi, ambazo vikosi vingi vya Wajerumani huku bado vilikuwa nazo vita vilipoanza: kama mita 1.24, kwangu milimita 35.

Wamekuja marafiki kuangalia, na swali limejirudia: mbona hakuna msimamizi mwenye kiboko? Kiboko kilikuwepo enzi ile, hilo halina ubishi. Kwenye picha hii hakipo. Nikikiongeza, macho yote yataenda kwa mwenye kiboko, na watu ishirini na wawili watarudi kuwa pazia la nyuma. Sitakiongeza.

12 Oktoba: Kibao, kioo na gharama

Kibao cha maelezo kina sentensi chache: mzinga ulitoka wapi, na wanaouvuta ni nani. Nimeandika pia kwamba kwa upande wa Waingereza pekee idadi inayotajwa sana ya wapagazi waliokufa kwenye vita hivi ni karibu 95,000, wengi kwa kuhara damu, malaria, vichomi na njaa, na kwamba kwa upande wa Wajerumani kumbukumbu ni duni zaidi. Makaburi ya vita yaliyopo hapa Iringa mjini yana mawe yenye majina. Wapagazi kwa kawaida hawakupata kaburi la peke yao. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inawataja kama miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyesimama juu na bunduki ni askari.

Kisanduku cha kioo amenifungia fundi alumini, shilingi 45,000. Mwambie aache tundu dogo la hewa upande wa nyuma, vinginevyo asubuhi za baridi kioo kitatoa jasho ndani na rangi itafanya ukungu. Mwanzoni changu hakikuwa nalo, ikabidi kirudi kutobolewa.

Gharama zote: nakala za picha 4,000, pliwudi na fremu 12,000, jipsamu 5,000, silikoni 14,000, wanga 3,000, epoksi pakiti sita 30,000, bodifila 10,000, waya wa shaba 4,000, rangi za akriliki 25,000, brashi 6,000, supa gluu 6,000, kioo 45,000. Jumla shilingi 164,000. Zilizopotea bure ni bodifila na tyubu moja ya silikoni, 17,000. Anayefuata hatua hizi anaweza kuziruka.

Bado sijamaliza wapagazi wawili wa nyuma, ambao miguu yao imezibwa na gurudumu, na picha hainiambii wamesimamaje. Babu ameahidi kuja kusukuma toroli ya tofali uwanjani nimpige picha kutoka upande wa pili. Kalibu ya gurudumu nayo bado nzima, nimeihifadhi kwenye poda ya mtoto. Anayetaka kutengeneza mzinga huu nitamwazima, aje na epoksi yake.